Alama Mbili za Kumrudisha Jailos

Tumpe wangu anawaambia watu kwamba baba yake anakaa Jumapili. Watoto wengine wakiulizwa baba yuko wapi wanasema Dar, wanasema shambani, wanasema kazini. Yeye anasema, "Baba anakaa Jumapili," maana simu ya Jailos huingia siku hiyo tu, baada ya ibada, mtandao wa huko aliko ukiwa na huruma. Watu wanacheka. Mimi nimeacha kucheka siku nyingi.

Jailos ni mume wangu. Ni kapteni, afisa wa ugavi, na alipelekwa kwenye kikosi cha pamoja cha kulinda amani, nchi ya watu, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, wakaongeza miezi miwili. Kumi na minne hiyo. Alipoondoka mtoto alikuwa anatembea kwa kujishikiza kwenye kochi, leo anapanda juu ya meza na kuruka. Majirani zangu hapa Mlandege, Iringa mjini, huniambia, "Zoea, Meja, ndiyo kazi yenu." Nizoee nini? Kha! Mtu hazoei kiu, anaishi nayo tu.

Ndiyo, mimi ni meja na yeye ni kapteni. Nyumbani alikuwa akinipigia saluti akitaka nimwongezee mchuzi. Namtamani, na nasema wazi kwa sababu sioni aibu. Namtamani mtu wa kugombana naye juu ya chumvi. Natamani ile besi yake ya kwaya anayoiimba bafuni huku akikosea maneno. Kila Jumamosi naiwasha pikapu yake ili betri isife, nakaa ndani na Tumpe kama nusu saa, hatuendi popote. Jirani mmoja aliniuliza kama gari ni bovu. Nikamjibu kwamba gari ni zima.

Mwezi wa tisa Kanali Sifaeli akaniita ofisini. Kazi yangu ni kufundisha ugavi na kupima waliofundishwa. Kabla timu haijapelekwa kwenye kikosi cha pamoja, lazima ipimwe: watu wa nchi kavu, wa anga na wa majini, kila mmoja kasoma chuo chake na kazoea wakubwa wake, je, wakiwekwa pamoja wanaweza kulisha jeshi moja? Usidhani ni jambo dogo. Wa anga anahesabu uzito, wa nchi kavu anahesabu matumbo, wa majini anahesabu safari, na wote watatu wanaamini wanahesabu kitu kimoja.

"Timu mpya iko tayari kwa zoezi," Kanali akasema. "Ikifaulu, inaondoka tarehe kumi na tano mwezi ujao na ile ya zamani inarudi. Ikifeli, ya zamani inaongezewa miezi sita mpaka tupate watu."

"Afande, unajua nani yuko kwenye ile ya zamani."

"Najua. Lakini mpimaji mwingine yuko masomoni na wa tatu kastaafu. Nenda ukaandike utakachokiona."

"Na nikiona vibaya?"

"Andika vibaya."

Nikapiga saluti nikatoka. Nikafika nyumbani nikamkuta mama mkwe wangu, Mama Tupokigwe, kaketi na Tumpe wanachambua maharage. Alikuja kutoka Rungwe Jailos alipoondoka, akasema hawezi kuacha mjukuu wake alelewe na msichana wa kazi. Sijui habari zilimfikiaje, jeshini siri hukaa kidogo kuliko maziwa juani. Akanitazama kwa furaha, "Gwe Paskalina! Wanasema mwanangu anarudi mwezi wa kumi. Yule jogoo mwekundu asiguswe na mtu." Nilitaka kumwambia bado. Sikumwambia. Mwenyewe nilikuwa nimeshachagua mtindo wa nywele.

Zoezi lilikuwa hivi. Kambi ya mafunzo nje ya Iringa ilikuwa na vijana mia tatu, na ghala lake liliachwa tupu kwa makusudi, isipokuwa unga wa uji. Timu ichukue viazi Uyole na mafuta Mbeya mjini, malori matatu, ifike kambini Jumanne saa kumi na mbili jioni, vijana wale. Kiongozi alikuwa Kapteni Edmund wa anga, mtoto wa mjini, nadhifu, kompyuta haimtoki kwapani. Chini yake Sajini Anord wa nchi kavu, Msafwa, mtu wa hapo hapo Uyole, mpole hadi anakera. Na luteni mmoja wa majini aliyesimamia lori la mafuta, huyo hakunipa tabu. Mimi nilipanda gari dogo na daftari langu. Mpimaji haruhusiwi kusaidia, haruhusiwi kuuliza swali lenye jibu ndani yake. Anaona na kuandika.

Jumanne alfajiri Uyole ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Viazi vilikuwa vimeshushwa na wakulima kutoka mlimani, magunia yamepangwa kando ya barabara, na kila gunia lina kilemba chake. Kama hujawahi kununua viazi Mbeya nikueleze: gunia likijaa, wanashonea wavu juu yake na kuendelea kujaza mpaka linakuwa na kichwa na mabega. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imepiga marufuku, wakulima wanalia nayo, wanunuzi wanaipenda, na kila siku ipo.

Edmund akafungua kompyuta juu ya boneti. "Lori moja tani kumi. Gunia kilo mia. Magunia mia kila lori, jumla mia mbili. Pakieni."

Mungu wangu! Nilisimama pale na kalamu mkononi. Gunia kilo mia liko kwenye kitabu chake. Lile lililokuwa mbele yake halikusoma kitabu hicho. Nilimtazama Anord. Alikuwa amesimama kando ya gunia la kwanza, kaweka kiganja juu ya kilemba, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua. Nikasema moyoni, sema. Sema, kijana wa watu, fungua mdomo.

Na hapa sitajisafisha. Nilikuwa naona yote kwa mbele: springi zinakatika, wanachelewa, wanafeli, na Jailos wangu anabaki kule mpaka mwakani. Neno moja tu lingetosha. Kwa hiyo nilikohoa. Nilikohoa kwa nguvu, mara mbili, na Anord aliponigeukia nikayatazama magunia, nikamtazama yeye, nikayatazama tena magunia. Meja mzima, miaka kumi na tisa jeshini, nakohoa kama mwizi wa kuku anayemwita mwenzake.

Anord akainamisha macho. Akashika gunia, wakapakia.

Malori yakaondoka yamekaa chini nyuma, yamenyanyua pua. Chimala, Igawa, yanapumua. Makambako tukala mahindi ya kuchoma, Edmund akatazama saa yake akasema tuko ndani ya muda, tena akanitazama kuona kama naandika. Niliandika. Tulipokuwa tunapandisha kabla ya Nyololo, lori la pili likatoa mlio kama mtu kavunja kuni, likalala upande mmoja. Springi za nyuma zimekatika. Saa tisa na nusu alasiri.

Wakashusha magunia barabarani. Luteni wa majini akaruhusiwa kutangulia na mafuta, lakini mafuta hayaliwi. Lori la kwanza nalo dereva akagoma kuendelea, akasema la kwake linalia hivyo hivyo. Pale Nyololo kuna mnunuzi wa mahindi, wakaazima mizani yake, wakapima gunia moja. Kilo mia thelathini na nane. Edmund akapima la pili, la tatu. Akakaa chini kwenye majani na suruali yake safi.

Nikamwendea Anord. Zoezi lilikuwa limeshavunjika, sasa niliruhusiwa kuuliza.

"Ulijua?"

"Nilijua, afande."

"Tangu lini?"

"Afande, mi nimezaliwa Uyole. Lumbesa nimeibeba mgongoni toka nasoma la nne." Akafuta jasho. "Hata ulipokohoa nilielewa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kapteni hakuniuliza. Angekuwa afande wa kwetu nchi kavu ningemwambia, tumezoeana. Huyu wa anga simjui. Alishatoa hesabu yake mbele za watu, mi sajini niseme amekosea? Na yule luteni alikuwepo anasikiliza. Nilisema labda ana sababu yake."

"Ana sababu gani ya kuvunja gari?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini huyu hakuficha uchi wake, alifunika wa mkubwa wake, na hilo jeshini tunawafundisha wenyewe tangu siku ya kwanza. Nilimkaripia pale mpaka watoto waliokuwa wanauza karanga wakasogea mbali. Kisha nikamwendea Edmund, naye nikamkaripia: mtu anafika Mbeya kununua viazi, ana mwenyeji wa Uyole chini yake, na hamuulizi hata swali moja! Anaiuliza kompyuta! Loh!

Edmund alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasimama, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini na kwa adabu zote, "Meja, naomba niseme. Kila mtu anajua mzee wako yuko kule. Sisi tunataka kwenda, yeye anataka kurudi. Hatuombi upendeleo. Tunaomba tu usiwe mkali kuliko kawaida."

"Koma!" nikamwambia. "Koma kabisa, Kapteni."

Lakini nilipopanda gari niliyarudia maneno yake. Alikuwa amesema kile kile nilichokuwa nasema mwenyewe tangu Uyole, ila yeye alikisema kwa mdomo na mimi kwa kukohoa.

Anord alikesha akitengeneza springi, na viazi vilifika kambini Jumatano saa tano asubuhi. Vijana mia tatu walilala na uji mtupu, na asubuhi wakapewa uji tena. Walishangilia malori yalipoingia. Walidhani ni mambo ya kawaida ya jeshi.

Alhamisi mchana niliketi mezani kwangu na fomu. Tumpe alikuwa amelala, Mama Tupokigwe yuko uani anafua. Nilipima kwa haki, nasema haki ya Mungu. Kupanga njia, walipata vizuri. Matunzo ya mafuta, vizuri sana. Kutengeneza gari njiani, Anord alifanya kazi nzuri mno, nikampa zote. Nikafika kwenye kipengele cha mawasiliano kati ya kamandi, yaani nchi kavu, anga na majini, alama kumi na tano. Nikawapa nne. Nikajumlisha. Sitini na nane.

Kufaulu ni sabini.

Nikajumlisha tena, labda nimekosea. Sitini na nane. Alama mbili! Wangepata arobaini ningelala. Wangepata sabini na mbili ningepiga vigelegele peke yangu. Lakini mbili, ambazo zingeweza kuwa popote, ambazo hata Kanali mwenyewe asingeziona! Nikafuta ile nne. Nikaandika sita.

Nikakaa nayo. Nawaambia ukweli, niliona raha. Nilimwona Jailos anashuka kwenye gari, amekonda kidogo, anamtafuta Tumpe kwa macho. Nilimsikia anasema chumvi imezidi. Nililia pale mezani kwa furaha ya kitu ambacho hakijatokea.

Halafu nikakumbuka simu ya mwezi wa tatu. Jumapili ile Jailos hakuuliza habari za nyumbani. Alisema kituo chao cha mbele, watu thelathini, kilikaa siku nne bila chakula kwa sababu lori lilipelekwa kambi nyingine. Siku ya nne askari mmoja alikuja mbele yake na bakuli, hakusema neno, alisimama tu na bakuli. Jailos aliniambia, "Paska, nilimdanganya kwamba gari liko karibu." Na mimi najua sauti ya mume wangu akiwa anataka kulia.

Sasa Edmund na Anord wakikaa mahali pale, mmoja anapanga na mwingine ananyamaza, nani atasimama na bakuli? Huyo naye ana mama mahali, ana mtu anamsubiri. Mimi ndiye niliyewaona kwa macho yangu, na nina kalamu. Nikafuta sita kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kidogo. Nikaandika nne. Chini nikaandika: "Kila mmoja ameiva kwao. Wakiwa pamoja bado wabichi. Warudie mafunzo ya pamoja, waishi kambi moja, wazoeane." Nikaongeza mstari mmoja kwamba mpimaji alikohoa Uyole kwa nia ya kuwasaidia, na anaomba jambo hilo liangaliwe. Nikasaini kabla akili haijabadilika, nikaipeleka mwenyewe.

Kanali aliisoma mbele yangu. Alipofika kwenye kukohoa akavua miwani. "Hili utaandikiwa barua ya onyo," akasema. "Na hawa watarudia. Pole, Meja." Nikapiga saluti.

Jioni ile nilimwambia mama mkwe. Sikuzunguka. Aliuliza jambo moja tu, "Gwe mwanangu, ungeweza kumrudisha?"

"Ningeweza, mama."

Akajifunga khanga vizuri, akaenda jikoni. Hakunisemesha mpaka Jumamosi, na hata Jumamosi alisema tu kwamba sabuni imeisha.

Jumapili simu ikaingia saa saba. Nilikuwa nimeamua habari hiyo aisikie kwangu, si kwenye tangazo. Nikamwambia yote, kuanzia kilemba cha gunia mpaka alama.

"Alama mbili?" akasema.

"Mbili."

"Paskalina! Alama mbili ulishindwa kuzipata? Mimi huku nahesabu siku kwa mkaa ukutani kama mfungwa, wewe unaniambia alama mbili?" Alipandisha sauti, na mimi nikamwacha apandishe. Kwa miezi kumi na minne nilikuwa nimekosa hata hasira yake. Alifoka mpaka akachoka. Kisha akauliza polepole, "Yule sajini, alijua kabisa uzito?"

"Alijua kabisa."

Nikasikia anavuta pumzi. "Lile lori la mwezi wa tatu," akasema. "Sikukuambia lote. Mimi nilijua linapelekwa siko. Niliiona karatasi. Aliyeandika ni mkubwa wa jeshi la nchi nyingine, nikasema mimi ni nani, labda ana sababu yake. Nikanyamaza, Paska. Siku nne. Unajua sisi nani alitupima? Mzee yule aliyestaafu. Alituambia kabisa, vijana, hamjakaa sawa, lakini najua mnataka kwenda, nawahurumia. Tulimshukuru sana. Nilimnunulia soda."

Nililia tu, na yeye alikuwa analia, kila mtu upande wake.

"Sikiliza," akasema. "Kama afisa nimekuelewa. Kama mume bado. Usinilazimishe leo."

"Sikulazimishi. Nakupenda, Jailos. Nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Na mimi. Nipe mtoto."

Tumpe alikuwa ananivuta sketi muda wote. Nikamwekea simu sikioni, nikaweka sauti ya nje ili na bibi yake asikie kule mlangoni alikosimama. Tumpe akaanza na swali ambalo bibi yake alikuwa amemfundisha wiki nzima, kabla mambo hayajaharibika, akaliuliza vizuri bila kukosea.

"Baba, unakuja lini?"

Nilimwomba Mungu Jailos amdanganye mtoto, aseme kesho, aseme karibu.

"Muulize mama yako," Jailos akasema.

Tumpe akatoa simu sikioni akanigeukia, na Mama Tupokigwe naye akanitazama. "Mama, baba anakuja lini?"

Nikachuchumaa tulingane macho. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, "Baba atakuja baada ya Pasaka."

"Pasaka ni kesho?"

"Hapana, mama," nikamwambia. "Si kesho."